Kuku Anasinzia: Umtibu, Usubiri au Umchinje?

"Kuku wangu anasinzia, nimpe dawa gani?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kufuga nyuma ya nyumba hapa Morogoro, na mara nyingi anayeuliza ameshafika duka la dawa za mifugo na muuzaji ameshashika pakiti mkononi. Nami nilipita humo. Mwaka wangu wa pili nilipoteza kuku 22 kati ya 26 kwa siku tano, na ndani ya siku hizo niliwapa dawa tatu tofauti. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kideri, ambao wengine huuita mdondo, na kideri hakina dawa. Nilichokuwa nafanya ni kuwakamata wagonjwa, kuwashtua, kuwanywesha uchungu, na kubeba ugonjwa kwa mikono yangu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kama wafugaji wanavyozieleza, lakini kila mahali nimejaribu kujibu kwanza swali linalotangulia lile la dawa: uingilie kwa kiasi gani?

Saa ya kwanza, kabla ya dawa yoyote

Hesabu wagonjwa. Kuku mmoja akiugua peke yake, mara nyingi shida ni yake mwenyewe: yai limekwama, gole (mfuko wa chakula shingoni) limeziba, amepigwa na wenzake, ana minyoo. Wakiugua wawili au watatu ndani ya siku mbili, hesabu kwamba kundi zima lina ugonjwa, hata wale wanaochakura kwa furaha.

Mgonjwa mweke kwenye tenga au boksi, mahali penye kivuli pasipo upepo, mbali na banda. Chini tandika gunia safi au gazeti ili asubuhi ukione kinyesi chake vizuri. Mpe maji safi. Kama amelegea sana, tia sukari kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo sana katika lita moja. Kuanzia hapo wahudumie wazima kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa mikono na ubadilishe viatu. Viatu hasa, kwa sababu kinyesi kinasafiri kwenye soli.

Halafu mshike na umkague kwa utaratibu. Papasa kifua: mfupa ukikata kama kisu, huyo hakuanza kuumwa jana, anaumwa wiki kadhaa na wewe hukuona. Gusa gole. Fungua mdomo uangalie ndani. Nyanyua mabawa, tazama sehemu ya haja, tazama nyayo. Yote haya hayachukui dakika tano, na hayamdhuru kuku mwenye ugonjwa wowote ule. Dawa isiyo yake humdhuru.

Kuku mmoja amejikunyata, wengine ni wazima

Anza na swali jepesi ambalo limeshanirudisha nyumbani zaidi ya mara moja: je, anataka kuatamia? Mtetea anayetaka kuatamia hushinda kiotani, manyoya ameyatutumua, upanga umepauka, anakula kidogo, na akishuka hutoa kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya. Anayemwona kwa mara ya kwanza huamini anakufa. Tofauti ni kwamba ukimsogelea anakunguruma na kudonoa mkono. Mgonjwa hana nguvu ya kukasirika.

Kama siye, sababu inayofuata kwa wingi ni wenzake. Kuku mgeni au mnyonge akifukuzwa kwenye maji na chakula siku tatu, ataonekana mgonjwa wa kila kitu. Mpe chakula akiwa peke yake. Akila kwa pupa, umeshapata jibu. Ongeza vyombo vya maji, uviweke mbalimbali.

Kisha fikiria yai. Mtetea mwenye yai lililokwama husimama wima kupita kawaida, mkia unashuka na kupanda, anajikamua bila kutoa kitu. Ukimpapasa kwa upole kati ya miguu, chini ya mkia, unaweza kulihisi. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 20 hadi 30, mkaushe, paka mafuta ya kula kidogo sehemu ya haja, umweke mahali penye giza na utulivu. Rudia baada ya saa chache. Usilivunje yai ndani, wala usilivute kwa kidole. Vipande vya ganda hukata, na kuku hufa kwa jeraha ambalo yai lenyewe lisingemletea. Zikipita saa 24 bila mabadiliko, hapo kazi ya nyumbani imeisha: ni daktari wa mifugo au kisu.

Gole nalo lina wakati wake wa kukaguliwa. Likijaa jioni si ugonjwa, amekula. Liguse alfajiri kabla hajala; linapaswa kuwa tupu. Likiwa gumu kama mpira, amemeza majani marefu, uzi au nailoni. Mnyweshe mafuta ya kula mililita chache pembeni mwa mdomo, likande taratibu, mnyime chakula kwa nusu siku hadi siku moja, ila maji apate. Likiwa laini, limejaa maji na pumzi inanuka chachu, usimning'inize kichwa chini ili atapike. Watu wanafanya hivyo sana, na yale maji huingia kwenye mapafu. Na kulipasua gole kwa wembe nyumbani usijaribu. Upasuaji huo upo na si mkubwa, lakini ni wa daktari.

Wengi wanasinzia, vifo vinakuja haraka

Hapa ndipo watu huvunjika moyo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Kwanza ondoa mambo mawili yanayochunguzwa kwa macho tu. La kwanza ni joto. Kama wote wanahema midomo wazi na mabawa yamening'inia, wanakufa mchana kati ya saa sita na saa kumi, na jioni waliobaki wanapata nafuu, tatizo ni bati na ukosefu wa hewa. Wape kivuli, maji baridi na nafasi. La pili ni sumu: kuku kadhaa wanakufa ndani ya saa chache, gole likiwa limejaa, na siku hiyo hiyo jirani amepulizia bustani, au kuna mbegu zilizotiwa dawa, au sumu ya panya. Wafungie, ondoa chanzo, wala usiwale waliokufa.

Kama si joto wala sumu, na kundi halijachanjwa, sababu ya kwanza vijijini na mijini kwetu ni kideri. Dalili huja kwa mchanganyiko: kusinzia, kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, macho kuvimba, kisha baada ya siku chache shingo kupinda na mabawa au miguu kupooza. Si lazima kuku mmoja awe nazo zote. Kundi lisilo na kinga linaweza kwisha karibu lote. Huku kwetu huzuka zaidi kiangazi, na mara nyingi huanza baada ya kuku kuletwa kutoka mnadani, au mgeni kufika na kuku wa zawadi.

Uingilie kwa kiasi gani? Kwa dawa, sifuri. Kideri husababishwa na kirusi, na antibayotiki haigusi kirusi. Pilipili, shubiri na mwarobaini wamenywa kuku wengi kabla ya kufa. Sijaona kundi lililoponywa hivyo, na wanaobaki ni wale ambao wangebaki. Kazi yako ni nyingine, na ni nzito: fungia wote, usiuze hata mmoja, usigawe nyama kwa majirani, usikubali mtu aje "kuangalia". Mpe taarifa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo. Najua inavyouma kuona mtaji wa ada ya shule unalala chini, na najua kishawishi cha kuwawahi walio hai ukawapeleke sokoni kabla hawajaanza kusinzia. Ndivyo kideri kinavyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji.

Swali linalofuata kila mara ni hili: "Nichanje sasa?" Walioambukizwa tayari chanjo haitawaokoa, na kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Kibaya zaidi, ukimkamata kila mmoja unasambaza ugonjwa. Kama una banda jingine ambalo bado ni salama kabisa, hilo lichanjwe na mtu ambaye hajagusa wagonjwa.

"Lakini nilichanja na bado wamekufa." Hili nalisikia mno, na mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi. Chanjo ya Lasota, ile ya kideri inayowekwa kwenye maji ya kunywa, ilisafirishwa bila barafu, ikafa kabla ya kufika. Au ilichanganywa na maji ya bomba yenye klorini. Au kuku walikuwa wamekwisha kunywa asubuhi, hivyo hawakugusa maji ya chanjo. Au mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana. Kwa mfugaji mwenye kuku kumi au thelathini, asiye na jokofu, chanjo ya I-2 ndiyo ninayoipendekeza. Ilitengenezwa Australia kwa ajili ya mazingira kama yetu, inavumilia joto kuliko nyingine, na hapa Tanzania inazalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Ni tone moja kwenye jicho, kwa kuku wa umri wowote, na kurudia kila baada ya miezi mitatu au minne. Inavumilia joto lakini si moto: usiiache kwenye dashibodi ya gari wala juu ya bati.

Baada ya kideri, fikiria kipindupindu cha kuku, ambacho huua kuku wakubwa wenye afya ghafla, upanga ukiwa wa zambarau, na homa ya matumbo ya kuku, yenye kinyesi cha manjano ya kijani. Hizi mbili ni za bakteria na zina dawa, lakini huwezi kuzitenganisha na kideri kwa macho ukiwa uani. Maabara inaweza.

Mwisho, nadra lakini usilisahau: mafua ya ndege. Januari 2017 yalithibitishwa kwa majirani zetu Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na wa kufugwa. Vifo vya ghafla vya kuku pamoja na bata, au ndege pori kuonekana wamekufa karibu na kwako, ni alama ya kusimama. Usipasue mzoga. Usiguse kwa mikono mitupu. Waondoe watoto, piga simu.

Kinyesi kimebadilika

Kwanza ujue cha kawaida, maana wengi wanatibu kuku wazima. Kinyesi kizima ni cha kahawia au kijivu, kigumu kiasi, na kofia nyeupe juu. Mara moja moja katika siku kuku hutoa kingine cha kahawia, laini, kinachonata na kunuka vibaya. Hicho nacho ni kizima. Akila tikiti au mchicha mwingi atahara maji, na kesho yake atakuwa sawa.

*Damu*, kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita hasa, ni koksidiosisi, ugonjwa wa kimelea cha utumbo, mpaka ithibitike vinginevyo. Vifaranga wamejikunyata, mabawa yameshuka, wanalia kwa sauti ya chini. Mayai ya kimelea hiki yanahitaji unyevu na joto, na ndani ya siku moja au mbili kwenye matandazo yaliyolowa yako tayari kuambukiza. Kwa hiyo tiba huanzia chini: toa maranda yote yenye unyevu, weka makavu, inua chombo cha maji kifikie usawa wa mgongo wa kifaranga kisimwagike. Kisha dawa. Hapa siwaambii watu wasubiri, kwa sababu vifaranga hufa kwa siku moja au mbili. Dawa yenye amproliamu, kwenye maji, kwa siku zote zilizoandikwa, hata kama damu imekoma siku ya pili.

Na jambo moja ambalo madukani hawalisemi: usichanganye amproliamu na vitamini. Dawa hii hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini B1, na wewe ukimwaga unga wa vitamini kwenye maji yale yale unamlisha. Vitamini wape baada ya kumaliza dawa.

*Kinyesi cheupe kilichoganda matakoni* kwa vifaranga wa siku chache, mara nyingi ni baridi au joto la kupita kiasi kwenye bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga. Watazame: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia kingo wanaungua. Rekebisha taa. Lowesha uchafu kwa maji ya uvuguvugu na ufute. Ukiubandua mkavu, ngozi inatoka nao. Kama wanakufa wengi wiki ya kwanza na joto liko sawa, kuna uwezekano wa ugonjwa wa bakteria uliotoka kwa mama kupitia yai. Usitunze waliopona kwa ajili ya mbegu. Kwa wa wiki tatu hadi sita, mharo mweupe wa maji pamoja na kudonoa sehemu zao za haja huashiria Gumboro, ugonjwa wa kirusi: hauna dawa, ni wa kuchanjwa mapema.

*Kijani* kinatisha watu kuliko kinavyostahili. Kuku yeyote ambaye hajala siku nzima hutoa kijani, kwa sababu ni nyongo isiyo na chakula. Kijani pekee hakitaji ugonjwa. Kinachotaja ni kijani pamoja na idadi ya wagonjwa, kupumua kwao na historia ya chanjo.

Anakoroma, anapiga chafya, uso umevimba

Usiku, baada ya kuku kulala, ingia bandani uiname mpaka kichwa chako kiwe usawa wa vichwa vyao. Vuta pumzi. Macho yako yakiwasha, umepata sababu ya kwanza: hewa ya mkojo na kinyesi. Yatoe matandazo, fungua matundu ya hewa sehemu ya juu, na subiri siku tatu. Nimeona "mafua sugu" ya miezi yakiisha hivyo bila shilingi kwenda dukani.

Kama hewa ni safi, angalia uso. Uvimbe chini ya jicho, makamasi yenye harufu mbaya, jicho limezibwa: hayo ni mafua makali ya kuku. Kukoroma kwa wiki nyingi bila uvimbe mkubwa, kuku anakonda polepole, ni ugonjwa sugu wa njia ya hewa. Yote mawili ni ya bakteria na antibayotiki hupunguza makali, lakini anayepona mara nyingi hubaki na vijidudu mwilini na kuwaambukiza wageni. Nilitambua hilo baada ya kumpa jirani yangu mtetea aliyekuwa "amepona". Ndani ya mwezi banda lake zima lilikuwa linapiga chafya, na nilibeba lawama ile kwa haki. Aliyepona mafua makali ama unaishi naye ndani ya kundi lile lile mpaka mwisho wake, bila kuingiza wala kutoa kuku, ama unamwondoa.

Kiangazi majani yakikauka kuna sababu nyingine inayofanana: ukosefu wa vitamini A. Macho yanatoa machozi, kisha uchafu mweupe kama jibini unajikusanya chini ya kope, na ukifungua mdomo unaona vipele vyeupe kooni. Harufu mbaya haipo. Hawa hawahitaji antibayotiki, wanahitaji mchicha, majani ya viazi vitamu au ya kunde kila siku, na jicho lisafishwe kwa maji ya uvuguvugu. Kuku akihema mdomo wazi na shingo amenyoosha kila pumzi, usimsubiri. Huyo ni wa daktari leo.

Vipele na magamba usoni

Ndui. Huenezwa na mbu, kwa hiyo huja na mvua. Huu ndio ugonjwa ambao mfugaji mwenye huruma huuharibu zaidi, kwa kubandua magamba na kupaka kila kitu kuanzia mafuta ya taa hadi oili chafu. Magamba yaache. Yataanguka yenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne. Yale yaliyo karibu na jicho yapake mafuta ya mgando yalainike, na kama jicho limefunga mpe chakula na maji mkononi, kwa sababu wengi huuawa na njaa. Ndui ikiingia kooni, mdomoni ukaona utando wa manjano na kuku anashindwa kumeza, uwezekano wa kupona ni mdogo, na kumchinja mapema ni kumhurumia.

Anachechemea au hawezi kusimama

Tazama mguu kabla ya kufikiria ugonjwa. Uzi, nywele za kusuka na nyuzi za salfeti hujizungusha kwenye vidole mpaka vinakufa; kata kwa mkasi mdogo, osha, umemaliza. Kidonda cheusi chini ya unyayo na uvimbe: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, safisha, funga kitambaa, na punguza urefu wa mti wa kulalia. Ukikuta uvimbe mgumu ulioingia ndani usiuchimbe na kisu cha jikoni. Magamba ya miguu yaliyonyanyuka na kuwa kama chokaa ni utitiri. Sugua kwa sabuni, paka mafuta ya mgando kila siku chache kwa wiki kadhaa. Vifaranga wenye miguu iliyotawanyika mara nyingi walilelewa juu ya gazeti linaloteleza.

Miguu ikiwa safi, tazama mkao. Mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa kuku wa miezi miwili hadi mitano, ni ugonjwa wa Mareki. Hauna tiba, na chanjo yake hutolewa siku ya kwanza kwenye kituo cha kutotolesha, hivyo wewe nyumbani huna la kufanya ila kumchinja asiendelee kuteseka. Shingo iliyopinda huelekeza kwenye kideri. Shingo iliyolegea kabisa, kichwa kimelala chini kama kamba, huelekeza kwenye sumu ya mzoga: amekula funza au nyama iliyooza. Tafuta mzoga huo uufukie kabla wengine hawajaufikia.

Anakula lakini anakonda

Minyoo, kisha wadudu wa nje. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu ni jambo ambalo sibishani nalo kwa kuku wanaochakura. Kwa wadudu, nenda bandani usiku na tochi: utitiri mwekundu mchana hujificha kwenye nyufa za mbao na usiku hupanda kunyonya damu. Ukipulizia kuku ukaacha nyufa, umepoteza dawa. Kagua pia mahindi unayowapa. Yenye ukungu yana sumukuvu, na mahindi tuliyoyakataa jikoni siyo ya kumwagia kuku.

Ukishaamua kutumia dawa

Dawa moja kwa wakati mmoja. Ukichanganya tatu na kuku akapona, hujui kilichomponya. Akifa, hujui kilichomuua. Maji ya dawa yawe ndiyo maji pekee, yatengenezwe upya kila siku, kipimo kifuate karatasi na siyo kifuniko cha chupa. Vidonge vya watu, ile rangi mbili inayofunguliwa na kumwagwa kwenye pumba, viacheni. Kipimo ni cha kubahatisha, na bakteria wanaobaki wanakuwa sugu, kisha wanarudi kwetu kupitia nyama na mikono.

Soma pia siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Zimeandikwa kwa herufi ndogo. Mayai ya siku hizo yafukie, usiyapeleke kwa mama lishe.

Mahali pa kusimama

Mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo bila kusubiri kesho: wakifa wawili au zaidi ndani ya siku moja, ukiona dalili za shingo na kupumua pamoja, mtu wa nyumbani akipata homa au kikohozi baada ya kuhudumia wagonjwa, au umetoa dawa sahihi siku tatu na hakuna nafuu.

Kwa kuku mmoja mzee, najua gharama ya daktari inaweza kuzidi bei ya kuku. Kipimo changu ni hiki: kama hanywi maji kwa hiari, hasimami, na saa 48 za kivuli na utulivu hazijabadili kitu, namchinja kwa kisu kikali, kwa utaratibu ule ule wa kuku wa sikukuu, lakini haliwi. Kuna mazoea ya kumwahi kuku anayesinzia ili nyama isipotee. Anayechuna kuku mgonjwa ndiye anayepata ugonjwa kwanza, na manyoya na maji yaliyomwagwa uani yanawafikia kuku wote wa mtaa. Fukia kina cha mita moja, tia chokaa au jivu, rudishia udongo na mawe ili mbwa wasifukue.

Ukitaka jibu la uhakika, chukua mzoga wa saa chache, au bora mgonjwa aliye hai, uweke kwenye mifuko miwili ya plastiki na barafu. Usigandishe kwenye friza, kwa kuwa ugandishaji huharibu tishu zinazosomwa. Peleka maabara ya TVLA iliyo karibu. Sisi wa Morogoro tunayo pia hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Andika kwenye karatasi: una kuku wangapi, umri, wangapi wamekufa na lini, chanjo ya mwisho, chakula, na dawa zote ulizokwisha kuwapa. Hii ya mwisho usiifiche.

Katika wale 26 wangu walibaki wanne, na mmoja, tembe mweusi, alibaki na shingo iliyopinda kiasi kwamba akidonoa punje anapiga sentimita mbili pembeni. Kila mtu aliniambia nimchinje. Alikuwa anakunywa mwenyewe na anasimama, kwa hiyo nilimwacha na wenzake watatu, nikamwekea chakula kwenye bakuli refu nililolijaza mpaka juu ili akikosea punje moja apate nyingine. Sikumpa kitu kingine. Banda sikuingiza kuku mgeni kwa miezi mitatu, na walipokuja walikuwa wamechanjwa wiki mbili kabla. Shingo ilinyooka karibu yote mwezi wa pili, na yai lake la kwanza nilimkuta nalo chini ya mgomba, si kiotani.